Posa Moja, Vyuo Viwili

Bi Masouda alipouliza lile swali, Mazoon alikuwa anaangalia zulia. Wageni walidhani ni haya. Haya ilikuwepo, hatukatai, lakini zaidi alikuwa anajizuia asicheke kwa furaha, maana posa ya mtu haichekewi.

"Mwanangu Mazoon," alisema Bi Masouda, mama yake Aflah, kikombe cha kahawa mkononi, sauti ameilegeza kama anayembembeleza mtoto anywe dawa. "Sisi tumekuja kwa kheri. Baba yako kesharidhia, mama yako kesharidhia. Umebaki wewe tu. Aflah unamjua, hatukuletei mtu wa kuokota. Unasemaje, mama?"

Mama yake Mazoon, Bi Jawaher, aliacha kupanga sambusa kwenye sahani. Bibi yake, mama wa baba, alijiinua kidogo kwenye mto ili asikose kitu. Dada wawili wa Bi Masouda waliokuja kusindikiza posa waliacha kunong'ona. Udi ulikuwa unafuka kwenye chetezo karibu na mlango, na nje magari ya watu wa mtaa wa Ghubra yalikuwa yanarudi kutoka kazini.

Mazoon akanyamaza.

Alinyamaza kama alivyofundishwa. Watu wao wametoka Unguja wakaja Maskati na mambo yao yote, na katika mambo hayo hili ni moja: binti akiposwa haulizwi ili ajibu. Anaulizwa ili anyamaze. Akilia, hataki. Akiinuka akatoka, hataki. Akinyamaza, karidhia. Ole wake atakayesema "ndiyo" kwa mdomo wake mwenyewe, ataambiwa mpaka ana wajukuu kwamba yeye ndiye yule aliyekuwa na haraka ya mume.

"Kanyamaza," alisema Bibi. "Nyote mmeona. Kanyamaza."

Vigelegele vikapigwa, vikasikika mpaka majlisi ya wanaume, milango miwili kule, ambako baba yake Mazoon alikuwa amekaa na Aflah na baba yake Aflah. Bi Masouda alimvuta msichana karibu, akambusu kichwani, akamvisha pete. Pete ilimwenea sawasawa. Mazoon aliitazama na moyo ukamwenda mbio, kwa sababu alikuwa anampenda Aflah na hakuna haja ya kulizungukazunguka. Alimpenda tangu siku ile ya maabara ya fizikia, mkono wa kanzu ya Aflah uliposhika moto akauzima kimyakimya kwa maji ya chupa, akaendelea kuandika majibu huku mkono unatona, ili tu Mazoon asijue. Mazoon alijua. Alicheka wiki nzima, na alipomaliza kucheka alijikuta hawezi kula.

"Basi na lile jengine nalo tulimalize leo leo," alisema Bi Masouda, akajifuta vidole kwa karatasi. "Aflah keshapeleka ombi lake Tarrant. Mazoon naye apeleke lake hapa hapa, sote tunaona. Nimemuahidi Mutasim nitampigia video. Yeye na mkewe wameshaanza kutafuta nyumba yenye vyumba vya kutosha."

Mazoon akanyanyua macho kutoka kwenye pete.

Hapo inabidi tueleze, maana si kila mtu anazijua hizo njia za vyuo vya Marekani. Kuna vyuo vidogo kule, vyenye wanafunzi wachache kuliko skuli ya kawaida ya Maskati, ambavyo mtu anasoma hesabu na falsafa na muziki kabla ya kuchagua lake, na wanaoomba kuingia ni wengi mno kuliko wanaopokelewa. Ukitaka nafasi yako iwe nzuri unapeleka ombi mapema, kwa chuo kimoja tu, na unatia saini ya ahadi kwamba wakikukubali unakwenda kwao na huendi kwengine. Mzazi naye anatia saini. Viwili haviombwi. Ukishaahidi, umeahidi.

Mazoon alikuwa na vyuo viwili mkononi na siku ya mwisho ilikuwa ndiyo ile.

Cha kwanza kilikuwa Wexcombe, kaskazini, milimani, kwenye baridi. Kule mwanafunzi wa jiolojia anatolewa nje na nyundo yake tangu wiki za mwanzo, na Mazoon alitaka mawe tangu utotoni, sijui nani alimroga. Kila Ijumaa wenziwe wakichoma nyama wadini, kwenye mabonde makavu ya mito, yeye alikuwa anajaza mawe kwenye buti ya gari ya baba yake. Cha pili kilikuwa Tarrant, mjini, alikokaa Mutasim, kaka mkubwa wa Aflah. Huko ndiko Aflah alikotaka kusoma uchumi. Akienda huko milka, yaani nikaha, ingefungwa kabla ya safari, binti angekwenda akiwa mke wa mtu, chini ya macho ya shemeji yake, na baba yake angetia saini bila kusumbuka. Jiolojia Tarrant haikuwepo.

Na hili alishalisema. Alimwambia Aflah, si mara moja, kwamba yeye anaomba Wexcombe. Aflah alimsikiliza, akashusha pumzi, akasema, "Niachie mimi. Nitaongea na mama kabla hatujaja." Mazoon akamuachia. Ndiyo maana alinyamaza pale kwenye zulia na roho yake imetulia. Alijua anaulizwa habari ya mwanamume tu, na la chuo limeshakwisha.

Kumbe halikuwa limekwisha hata kidogo.

"Mama," alimwambia Bi Jawaher kwa sauti ya chini, "naomba nionane na Aflah."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, Mama."

Bi Jawaher alimtazama usoni, akaona kitu kisichompendeza, akasema kwa wageni kwamba watoto wapeane hongera kidogo, yeye atasimama jikoni na mlango utakuwa wazi. Hakuna aliyepinga. Mtu akishavishwa pete anaruhusiwa maneno mawili matatu, mradi kuna jicho.

Walikutana varanda ya nyuma, penye mashine za eyakondishen zinazonguruma. Aflah alikuja na kanzu nyeupe mpya na kofia aliyofumiwa na bibi yake, uso unamng'aa. Alisimama mbali kama inavyotakiwa, lakini macho yake yalikuja mpaka karibu kabisa. Mazoon alikuwa amejipanga kuwa mkali, akaona ukali unamtoka. Ikabidi aangalie mashine.

"Hongera," alisema Aflah. "Nimesikia vigelegele. Baba yangu kaniminya bega mpaka sasa linauma."

"Aflah, ulimwambia mama yako?"

Akaacha kutabasamu.

"Nilikuwa nataka kumwambia."

"Ulimwambia au hukumwambia?"

"Humjui mama wewe. Asilolitaka kusikia linampandisha presha, nyumba nzima tunalala na kile kipimo chake. Nikasema acha kwanza posa ipite."

"Kwa hiyo hukumwambia."

"Sikumwambia."

Jikoni Bi Jawaher alifungua bomba la maji, akalifunga. Sahani alizokuwa anaosha zilikuwa zimeshaoshwa.

"Na ombi lako umepeleka Tarrant," Mazoon alisema. "Lini?"

"Leo asubuhi."

"Kabla hamjaja huku."

"Kabla."

"Kwa hiyo ulikuja kuniposa na jibu langu umeshalijua."

Aflah alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Bila kofia alionekana mdogo, kama yule wa maabara. "Nilijua unanitaka," alisema. "Hilo tu ndilo nililolijua. Mazoon, nisikilize. Sikutaka kukufanyia hila. Nilitaka twende pamoja. Wewe unadhani mimi ni jasiri, na mimi nimekuacha udhani hivyo kwa sababu inanipendeza. Mimi si jasiri. Nikifikiria kukaa mwaka mzima sikuoni, kifua kinanibana, wallahi kinanibana. Usiku sil... Hapana, nisiseme hayo, mama yako anasikia."

"Anasikia kila kitu. Sema."

"Tarrant tutakuwa mke na mume. Hakuna wa kutuhesabia maneno kama hivi. Utarudi darasani, nitarudi darasani, tutapika wali utaungua, tutaula hivyo hivyo. Hicho ndicho ninachokitaka mimi duniani. Sina jengine. Uchumi wenyewe nasoma kwa sababu ya baba na lile duka lake la Wadi Kabir."

Tusidanganyane. Mazoon alitaka. Aliuona ule wali, aliisikia harufu yake ya kuungua, alimuona Aflah ameshika mwiko kinyume. Alitaka sana mpaka akaegemea ukuta. Aflah akaona. Akasogea hatua moja, kisha akakumbuka jicho la jikoni, akasimama.

"Bado hujapeleka," alisema taratibu. "Unaweza kuandika Tarrant. Dakika moja tu, habibti, na mambo yote yamekwisha. Hapana atakayelia."

"Na mimi nitasoma nini huko?"

"Kuna masomo tele."

"Jiolojia?"

"Lazima kutakuwa na kitu."

"Hakuna, Aflah. Kuna darasa moja la mazingira, mwaka mmoja linafundishwa, mwaka mmoja halifundishwi. Nimekwambia hili kwenye simu, nimekwambia skuli. Ulisema umenisikia."

"Nilikusikia." Akajaribu kucheka kidogo ili mambo yapoe, na hapo ndipo alipoharibu. "Lakini kwani mawe yatakimbia wapi, Mazoon?"

Alisema kwa mapenzi, masikini. Hakuwa na nia mbaya. Lakini lilimwingia Mazoon mahali ambapo halikutoka tena.

"Mawe hayakimbii," alijibu. "Na wewe je, utakimbia wapi? Nikienda Wexcombe utakimbilia wapi hata usiweze kuningoja?"

"Mama hatakubali kungoja."

"Sijakuuliza mama. Nimekuuliza wewe."

Aflah akaigeuza kofia, akaitazama kwa ndani.

"Unaweza kujitoa Tarrant," Mazoon alisema. "Hawajajibu bado. Sikwambii ujitoe, nakwambia unaweza. Lakini hukutaka hata kuliwaza. Na mimi nijitoe, mimi nibadilishe, kwa dakika moja, na watu wanapiga video."

"Baba keshamwambia kila mtu. Mutasim anatafuta nyumba. Nitawaambia nini?"

"Utawaambia niliyokwambia wewe."

"Na wewe mbona hukusema?" Sasa naye alikuwa amekasirika, masikio yamemwiva. "Umekaa pale mbele ya mama yangu, umeulizwa, umenyamaza. Kama ulikuwa na la kusema si ungesema? Watu wamepiga vigelegele kwa kimya chako, Mazoon, si kwa changu."

Lile lilikuwa kweli. Alimwachia mwanamume amsemee, na mwanamume hakusema, na yeye akakaa pale kwenye zulia amejiinamia anafurahi. Alihisi hasira zinamgeukia yeye mwenyewe, na hizo ni mbaya kuliko za kumkasirikia mtu.

"Umesema kweli," alimwambia Aflah. "Sikusema."

"Basi."

"Basi ngoja nikaseme."

"Mazoon. Mazoon, subiri, usifanye hivyo."

Lakini Bi Jawaher alikuwa tayari mlangoni, anapunga kitambaa cha sahani. "Yalla, watoto, yatosha. Bi Masouda anaulizia kompyuta."

Kompyuta ilikuwa imeshaletwa. Sijui nani aliitoa chumbani kwa Mazoon, lakini ilikuwa juu ya meza ya kahawa, imefunguliwa, kati ya sinia ya halwa na bakuli la tende. Dada mmoja wa Bi Masouda alikuwa ameshika simu juu, anatafuta pembe yenye mwanga mzuri. Ukurasa wa maombi ulikuwa wazi. Pale penye jina la chuo palikuwa patupu bado.

"Njoo, mama, kaa hapa karibu yangu," alisema Bi Masouda. "Andika, halafu tumwite baba yako atie saini yake. Mutasim atafurahi."

Mazoon hakukaa. Alibaki amesimama, mikono imekamata ncha za shela.

"Khaloo Masouda," alisema, "kabla ya kuandika nna neno."

"Sema, mwanangu."

"Mmeniuliza swali moja, mimi nikanyamaza, na nyinyi mmelichukua kuwa mawili. Kosa si lenu. Mimi ndiye niliyenyamaza. Sasa nataka niyajibu yote mawili."

Simu ilikuwa bado iko juu. Bi Masouda aliinyanyulia kidole, ikashuka.

"La Aflah," alisema Mazoon, "la Aflah, ndiyo. Nasema ndiyo. Namtaka Aflah."

Tende ilimtoka Bibi mkononi ikaviringika juu ya zulia. Mmoja wa wale dada wawili alijifunika mdomo kwa ncha ya buibui. Katika ukoo ule wote, kutoka Unguja mpaka Maskati, hapajatokea binti kusema vile mbele ya mama wa mume, na wote mle ndani walilijua hilo.

"Na la Tarrant," aliendelea, sauti sasa imepanda bila ya kutaka, "hapana. Tarrant siendi. Ombi langu nalipeleka Wexcombe. Miaka minne, Khaloo. Mkitaka milka ifungwe sasa tungojane, niko tayari. Mkitaka ingoje mpaka nimalize, niko tayari. Lakini chuo ni hicho."

"Yarabi," alisema Bibi, ambaye la hapana hakulisikia kabisa, kwani la ndiyo lilikuwa limemtosha. "Kasema kwa mdomo wake."

Bi Masouda aliweka kikombe chini. Hakuwa mwanamke mbaya, na lazima tumpe haki yake: alimpenda Mazoon tangu mdogo, alimshonea nguo za sikukuu. Lakini alikuwa ameaibishwa mbele ya ndugu zake, na alikuwa na mtoto wa kiume mmoja tu aliyebaki nyumbani.

"Mke kaskazini, mume kusini," alisema. "Ndoa ya kwenye simu. Hiyo ndiyo unayomtakia mwanangu?"

"Namtakia aningoje, Khaloo. Na mimi nimngoje."

"Mwanangu hangojeshwi. Mwanangu si abiria." Akageuza kichwa kuelekea ukumbini. "Aflah. Njoo hapa usikie."

Aflah alikuwa ameshafika. Alisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, kofia bado mkononi.

"Umesikia?" mama yake alimuuliza.

"Nimesikia, Mama."

"Unasemaje wewe?"

Mazoon alimtazama. Hakujali tena nani anaona. Alimtazama waziwazi, kwa macho yake yote, mbele ya mama yake na mama wa mwenziwe na simu ya watu, akamuomba bila neno aseme kitu, chochote, hata "tuongee kesho". Aflah naye alimtazama, na kilichokuwa usoni mwake kilikuwa mapenzi, hilo Mazoon ataliapia. Mapenzi na woga, vimechanganyika mpaka huwezi kuvitenga. Kisha akainamisha macho, akavaa kofia yake, akaiweka sawa.

"Twende, Mama," alisema.

Bi Masouda alinyoosha kiganja. Mazoon akavua pete, akaiweka pale. Hakuna aliyemwambia mwenziwe neno baya. Walibusiana mashavu, wakatakiana kheri, Bi Jawaher akawasindikiza mpaka getini na udi mkononi kama wageni wowote wengine, na gari zao mbili zikaondoka. Nyumba ikabaki na sinia ya halwa ambayo haikuguswa.

"Nani atakula yote hii," alisema Bi Jawaher akirudi, na akaingia jikoni haraka ili wasimuone.

Adhana ya magharibi ilikuwa inaisha baba yake alipotoka majlisi. Bwana Jaifar ni mtu mrefu, mkimya, mhandisi wa maji serikalini, na hasira zake huwa hazina kelele. Alikwenda akasali, akarudi, akavuta kiti kwenye meza ya kulia ambapo Mazoon alikuwa amekaa na kompyuta mbele yake. Mazoon hakulia bado. Alikuwa anangoja agombezwe kwanza.

"Umeniaibisha," alisema baba yake.

"Najua, Baba. Niwie radhi."

"Baba yake Aflah ni rafiki yangu tangu hatujaoa. Leo kanipa mkono hakuniangalia."

"Niwie radhi."

"Huko Wexcombe kuna nani?"

Angeweza kutunga mtu. Rafiki wa skuli, jamaa wa mbali. "Hakuna mtu, Baba."

"Hakuna mtu kabisa?"

"Hakuna."

Bwana Jaifar alisugua macho. "Unajua kwa nini nilisema Tarrant? Si kwa sababu ya Mutasim. Mutasim mwenyewe hajui kujiangalia. Nilisema Tarrant kwa sababu ya kimya chako. Tangu mdogo. Ukinyang'anywa kitu husemi. Ukipewa kibaya unakula. Nikasema huyu nikimpeleka peke yake kwa watu wasiomjua, watamkanyaga na sisi hatutajua, kwa sababu hatatuambia. Bora awe na mtu wa kumsemea."

Mazoon aliangalia vidole vyake.

"Leo nimekaa majlisi," baba yake aliendelea, "milango miwili katikati, nikasikia mtoto anasema hapana. Nikauliza, nani huyo? Baba yake Aflah akaniambia, ni wako huyo. Nimekasirika, Mazoon. Usidhani sijakasirika. Umemwambia Masouda unamtaka mwanawe, na mimi baba yako niko chumba cha pili. Hilo nitalisikia misikiti yote ya Ghubra. Lakini khofu niliyokuwa nayo juu yako, hiyo imenitoka, na sasa sina hoja nyengine. Saini yangu inatiwa wapi?"

Alimuonyesha. Baba yake aliandika jina lake kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, akakosea, akafuta, akaandika tena. Kisha akainuka, akamwekea mkono kichwani, ukakaa pale kidogo, akaenda jikoni kwa mkewe.

Mazoon aliandika Wexcombe pale palipokuwa patupu. Alisoma maneno ya ahadi mpaka mwisho, ingawa alikuwa anayajua. Akabonyeza. Ikaja shukrani ya kikompyuta tu, mstari mmoja, na ikawa imekwisha, hakuna kurudi.

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa pete na kwa wali ulioungua ambao haukuwahi kupikwa, alilia kwa yale macho mlangoni. Alilalia mkono juu ya meza na hakujizuia. Wexcombe alikuwa ameitaka na amepata kuiomba, na haikumfariji hata kidogo wakati ule. Anayedhani ukichagua sawa huumii, hajawahi kuchagua.

Simu ikatetemeka karibu na kiwiko chake. Ilikuwa Aflah.

"Nimekasirika," alikuwa ameandika. "Sijui nitakasirika mpaka lini."

Mazoon alisoma, akaiweka chini. Ikatetemeka tena.

"Nimekasirika na wewe na nimejikasirikia zaidi. Niliulizwa mbele ya watu nikashindwa, na wewe uliweza."

Tena.

"Nimo ndani ya gari nje ya nyumba yetu. Mama keshaingia. Mimi nimeshindwa kuingia."

Kisha kukawa na zile nukta tatu za mtu anayeandika. Zikaja, zikapotea, zikaja. Mazoon alijifuta uso kwa mkono wa nguo, simu ameishika mbele ya pua yake.

"Ile ndiyo yako," aliandika Aflah, "bado ipo?"

Aliandika majibu mengi, marefu, mengine ya kulaumu, mengine ya kusamehe, akayafuta yote. Mwisho akabakisha machache.

"Ipo," alimjibu. "Na ile hapana nayo ipo."